Mbona Watoi wa Majuu Bado Wanasomeshwa Chaucer na Shakespeare? Wacha Tukuchanue

Kama uko na kasin aliyehamia majuu akiwa bado sekondari, labda ashakulilia kwa WhatsApp juu ya somo la Kiingereza. Si ati lugha imemshinda. Kinachomsumbua ni Kiingereza cha watu waliodedi zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Ticha ameingia darasani na mashujaa wa mapanga, mahujaji juu ya farasi na mfalme anayeuliwa akiwa amelala, halafu mtihani uko mbele.

Usicheke. Marekani, viwango vya masomo vilivyotolewa 2010 na kukubaliwa na majimbo mengi vinamtaja Shakespeare kwa jina. Ukiwa darasa la 11 na 12, lazima mguse angalau mchezo wake mmoja. Uingereza ndio noma zaidi. Mtihani wa GCSE wa fasihi, ule watoi hufanya wakiwa na miaka 16 hivi, unadai mchezo mzima wa Shakespeare, na unaingia kwa chumba cha mtihani bila kitabu. Maneno mengi unabeba kwa kichwa.

Sasa swali ni, mbona wanajitesa hivi? Na wewe msee wa Umoja ama Kongowea, inakuhusu aje? Twende polepole.

KWANZA, PANGA MIAKA

Watu huchanganya hizi vitu zote wakasema "Kizungu cha kitambo". Kuna ngazi tatu.

Ya kwanza ni Beowulf, utenzi wa mistari 3,182 kuhusu jamaa anayepigana na majitu na mwishowe joka. Hii ni Kiingereza cha kale kabisa, na hata Mwingereza wa leo haelewi bila tafsiri. Nakala ya zamani iliyobaki ni moja tu, na 1731 ilichomeka kingo kwa moto uliozuka London. Moto ungewaka kidogo zaidi, hiyo stori leo hakuna mtu angeijua.

Ya pili ni Geoffrey Chaucer, aliyekufa 1400. Ya tatu ni William Shakespeare, aliyezaliwa 1564 na kufa 1616, wakati ule wa mwamko wa sanaa Ulaya wanaouita Renaissance. Kati ya Beowulf na Chaucer kuna kitu kimoja kikubwa kilifanyika: 1066, William wa Normandy alitoka Ufaransa akaiteka Uingereza. Kuanzia hapo mabwanyenye wakawa wanabonga Kifaransa, kanisa na wasomi wakabaki na Kilatini, na Kiingereza kikaachiwa raia wa kawaida.

CHAUCER ALIANDIKA LUGHA YA MTAA

Chaucer alikuwa mtoto wa muuza mvinyo wa London. Akiwa kijana alienda vitani Ufaransa akashikwa mateka, na mfalme akachangia pauni 16 ndio akombolewe. Kuanzia 1374 alifanya kazi ya ushuru bandarini London, upande wa sufu na ngozi. Kwa hivyo huyu jamaa alikuwa anakutana na kila aina ya mtu: mabaharia, matajiri, makasisi na matapeli.

Akikaa chini kuandika, angeweza kutumia Kifaransa ama Kilatini, lugha za heshima. Akaamua Kiingereza cha London. Kama ushawahi kuambiwa Sheng itakuharibia maisha, hapo unaelewa mbona uamuzi wake ulikuwa mzito. Na hicho Kiingereza chenyewe kilikuwa mchanganyiko. Mkulima alifuga ng'ombe akimuita "cow", neno la wenyeji, lakini nyama ikifika kwa meza ya tajiri inakuwa "beef", neno lililotoka Ufaransa. Lugha ambayo leo unakaziwa uiongee vizuri ndio upate kazi ilikuwa lugha ya kuokoteza maneno huku na kule.

Kitabu chake kinachosomwa sana ni Canterbury Tales. Watu kama thelathini wanakutana kwa hoteli moja Southwark, London, wakienda kuhiji kwa kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuliwa 1170. Mwenye hoteli anasema: safari ni ndefu, kila mtu apige stori, mkali atanunuliwa msosi na wenzake. Yaani ni kama nganya imekwama Mombasa Road na abiria wote wameanza kupiga domo. Kuna askari, mtawa, mpishi, msagaji unga mlevi, na mama ameolewa mara tano na haoni haya kukuambia. Chaucer alikufa kabla hajamaliza.

Mmoja wao ni muuza misamaha. Anauza karatasi za kusamehewa dhambi, na amebeba mifupa ya nguruwe akisema ni ya watakatifu. Cha kushangaza, anawaambia abiria wenzake wazi kwamba ni utapeli, anahubiri dhidi ya tamaa ya pesa ili apate pesa. Kisha anawapigia stori yake. Maboyz watatu walevi wanasikia mwenzao ameuliwa na mtu anaitwa Mauti, kipindi cha tauni. Wanaapa kumtafuta wamuue. Mzee fulani anawaelekeza kwa mti, na chini yake wanapata rundo la dhahabu. Mauti anasahaulika hapo hapo. Wanamtuma mdogo wao mjini alete chakula na mvinyo, na akienda, wale wawili wanapanga kumdunga kisu. Naye huko mjini ananunua sumu. Anarudi, wanamuua, wanakunywa mvinyo. Wote watatu wamepata Mauti waliyekuwa wakimtafuta.

Tauni haikuwa ya kubuni. Ilifika Uingereza 1348, Chaucer akiwa mtoto, na ikamaliza kati ya thuluthi na nusu ya watu. Na muuza misamaha? Baada ya kukiri kila kitu, anamaliza stori na kuanza kuwauzia abiria ile ile mifupa. Ukiona mtu anauza maji ya miujiza wikendi hii, utamkumbuka.

SHAKESPEARE HAKUANDIKIA DARASA

Ukumbi wa Globe ulijengwa 1599, ng'ambo ya mto Thames, mtaa wa vilabu, danguro na michezo ya mbwa kupigana na dubu. Kwa peni moja ulisimama mbele ya jukwaa, jua likuchome ama mvua ikunyeshee. Wakubwa wa jiji hawakupenda hizi shoo, walisema zinaharibu vijana. Tauni ikizuka, kumbi zinafungwa. Wanawake hawakuruhusiwa kuigiza, kwa hivyo Juliet, ambaye kwa stori hajafika miaka 14, aliigizwa na mvulana. Halafu 1613 mzinga ulipigwa katikati ya mchezo, makuti ya paa yakashika moto na Globe yote ikaenda.

Chukua Macbeth. Wasomi wengi wanaiweka mwaka wa 1606. Mfalme James alikuwa ameingia 1603, ni Mskoti, na 1597 alikuwa ametoa kitabu kizima kuhusu uchawi. Mwaka wa 1605 kulikuwa na njama ya kumlipua yeye na bunge. Ndipo Shakespeare anatoa mchezo kuhusu Uskoti, wachawi na mtu anayemuua mfalme aliyemkaribisha kwake kulala. Hiyo ilikuwa habari moto ya wakati huo. Wakenya hatuhitaji ticha kutuelezea mtu anayeambiwa "wewe ndio utakuwa mkubwa", akaanza kumaliza marafiki mmoja mmoja ndio abaki kwa kiti.

LAKINI NI ZETU?

Hapa Nairobi hili swali liliulizwa kitambo. 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika wakitaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe. Hawakusema Shakespeare achomwe. Walisema fasihi ya Afrika ikae katikati, na zingine zisomwe kutoka hapo. Idara ikageuka kuwa ya fasihi.

Mwalimu Nyerere naye alishika njia yake. Alitafsiri Juliasi Kaizari, ikatoka 1963, halafu Mabepari wa Venisi, 1969. Cheki hilo jina: wafanyabiashara wamegeuka mabepari. Na 2012 waigizaji wa Afrika Mashariki walipanda jukwaa la Globe mpya London na mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili.

Tukiongea vya kale, Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka wa 1728. Ukiweza kutaja Beowulf na huwezi kutaja huo, hapo kuna deni.

UKIWEKEWA HIZI VITU, FANYA HIVI

Jua stori kwanza. Soma muhtasari bila aibu. Watu wengi waliolipa peni kuona Kaizari walijua tayari atauliwa. Walienda kuona vile itafanyika.

Soma kwa sauti. Hizi kazi zilitengenezewa masikio. Mstari uliokataa kwa macho mara nyingi unakubali kwa mdomo.

Angalia "thou" na "you". Enzi hizo "you" ilikuwa ya heshima, na "thou" ya mtu wa karibu ama wa chini yako. Ni kama vile unachagua kati ya "mzee" na "buda". Mhusika akibadilisha katikati ya maongezi, jua mapenzi ama madharau yameingia.

Kwa soneti, hesabu mistari. Ni 14, na Shakespeare alichapishiwa 154 mwaka wa 1609. Ukikwama, ruka uangalie miwili ya mwisho. Mara nyingi ndio inabeba ngumi, kama mwisho wa verse ya rapa mkali.

Na kama kasin yako bado analia, mwambie aache Beowulf kidogo, aanze na wale maboyz watatu chini ya mti. Ni stori fupi, na akifika kwa ile chupa ya mvinyo atataka kujua huyo Chaucer aliandika nini kingine.