Hina ya Majani na Hina ya Uongo

Tangu zamani wanawake wa Lamu, Siyu na Faza hujipamba kwa hina, na nyumba ya arusi hukosa haiba isiponukia majani yake. Lakini hina si ya viganja na nyayo tu. Huficha mvi pia, na wazee wengi wa pwani hutia ndevu zao. Kazi hiyo hufanyika nyumbani kwa gharama ndogo, ila yampasa mtu aijue hina ya kweli, asije akajidhuru.

Hina ya kweli ni majani ya mhina, wala hakina kingine ndani yake. Majani hukaushwa kivulini, hutwangwa, na unga wake huchekechwa kwa kitambaa chembamba ili chenga zisibaki nyweleni. Hukorogwa kwa maji ya vuguvugu na maji ya ndimu mpaka uwe mzito kama uji, kisha hufunikwa kwa saa kadhaa. Ukali wa ndimu huitoa rangi iliyomo majanini. Nywele zilizooshwa hupakwa tangu shinani mpaka nchani, na kichwa hufungwa kitambaa kwa muda wa saa 2 hata 4. Rangi hiyo hushikamana na unywele wenyewe, wala haiondoki kwa sabuni.

Mwenye mvi asishangae akiona rangi ya machungwa siku ya kwanza, kwani hukolea baada ya siku 2 hivi. Nywele nyeusi hazigeuki sana, ila huonyesha wekundu juani.

Jambo la kukumbuka ni hili: hina peke yake haitoi weusi. Atakaye weusi wa mimea hufuata desturi ya Uajemi na Bara Hindi: hutia hina, akaiosha, kisha akapaka unga wa majani ya mnili. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Basi unga uitwao "hina nyeusi", unaotia weusi kwa muda mchache, umechanganywa na dawa ya kiwandani. Piko, ambayo maharusi wa Lamu huchorwa maua meusi, mara nyingi huwa na dawa hiyo hiyo, iitwayo parafenilinidiamini.

Katika Umoja wa Ulaya sheria hairuhusu dawa hiyo ipite sehemu 2 katika 100 inapopakwa nyweleni, na kuipaka ngozini kumekatazwa kabisa. Yeyote ambaye mwili wake umeikataa huwashwa, hutoka malengelenge, na pengine huvimba uso. Tena mwili hausahau: bibi aliyedhurika kwa piko siku ya arusi yake aweza kudhurika vibaya zaidi miaka mingi baadaye, atakapotia nywele rangi ili kuficha mvi.

Kwa hiyo ni bora kununua majani makavu na kuyatwanga nyumbani kuliko kununua unga usiojulikana. Na auziwaye weusi wa dakika chache akumbuke kwamba haraka haraka haina baraka.