Onyo Juu ya Sangara

Mwanasayansi hupewa na jamii muda, vyombo na fedha za kuchunguza yasiyoonekana kwa macho ya kawaida, na kwa sababu hiyo analazimika, si kwa sheria bali kwa maadili, kuyatamka madhara anayoyaona yakija, hata kama wakubwa hawapendi kuyasikia. Kisa cha sangara wa Ziwa Viktoria kinaonesha uzito wa wajibu huo, na pia mahali unapokwamia.

Katika miaka ya 1950 baadhi ya maofisa wa serikali ya kikoloni walitaka samaki huyo mkubwa, asiye wa asili ya ziwa hilo, apandikizwe humo ili awale furu, yaani samaki wadogo wa jamii moja na sato, waliohesabiwa kuwa hawana thamani. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu wa viumbe wa majini, alichapisha makala ya kulipinga wazo hilo. Hoja yake ilitokana na mlishano, yaani utaratibu wa viumbe kulana, ambamo sehemu kubwa ya chakula hupotea kila kinapotoka kwa mliwa kwenda kwa mlaji. Kwa hiyo kilo moja ya sangara hugharimu kilo kadhaa za furu, na jumla ya samaki ziwani hupungua badala ya kuongezeka.

Wakati huo sangara walikwisha kuanza kutiwa ziwani kwa siri, na wengine wakaongezwa baadaye. Kwa miaka mingi hakukuonekana badiliko kubwa, jambo linalowapa ujasiri wanaopuuza maonyo. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara walizagaa, na kati ya aina za furu zinazokadiriwa kufikia 500, zipatazo 200 zikadhaniwa zimetoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Ni kweli kwamba minofu ya sangara ilileta fedha na ajira Mwanza na Kisumu, wala si haki kulificha hilo; lakini sangara, kwa wingi wa mafuta yake, hakaushiki kwa jua kama furu, bali huhitaji moshi, na moshi huhitaji kuni.

Fryer alitimiza wajibu wake kama desturi ya taaluma ilivyomtaka, na anastahili heshima. Upungufu ulikuwa katika desturi yenyewe, kwa kuwa anayeonya hana budi kumfikia atakayeumia. Onyo la 1960 lilichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la kilimo, ilhali waliokuwa wakitupa nyavu katika visiwa vya Ukerewe, Rusinga na Ssese walizungumza Kikerewe, Kijaluo, Kiganda na Kiswahili.