Taa za LED ndani ya redio na amplifaya za zamani

Katika redio, amplifaya na mashine za santuri za miaka ya 1960 na 1970, balbu ndogo ya kumulika kioo cha mbele ni miongoni mwa sehemu zinazokufa mapema. Uzi wake wa tungsteni hupata moto mkali hadi kung'aa, huku ukiliwa polepole na joto lake wenyewe mpaka unakatika. Mara nyingi sauti hubaki salama, ila mshale wa stesheni hauonekani tena usiku.

Katika kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya, vyombo vya aina hiyo ndivyo vilivyobeba muziki wa benga. Daniel Owino Misiani, kiongozi wa bendi ya benga ya Shirati Jazz aliyefariki mwaka 2006, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania wa mpaka wa Migori. Anayehifadhi santuri za enzi hiyo anahitaji mashine ya kuzicheza, na kuitunza mashine ni sehemu ya kuutunza muziki wenyewe.

Njia moja ya kuitunza ni kuweka LED, yaani dayodi inayotoa mwanga, mahali pa balbu iliyokufa. LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak wa Marekani mwaka 1962. Nyeupe ilichelewa hadi miaka ya 1990, baada ya kupatikana LED ya buluu yenye mwanga mkali, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Faida ya LED ni kubwa. Balbu ya volti 6.3 na ampea 0.25 hula takribani wati 1.6, ilhali LED nyeupe ya volti 3 kwa miliampea 10 hula wati 0.03 tu. Kwa nyumba inayotegemea sola na betri, tofauti hiyo ina maana. Isitoshe, LED haitoi joto la kukausha na kubadili rangi ya plastiki iliyo karibu nayo.

Hata hivyo, LED haichomekwi tu mahali pa balbu. Kwanza, haijizuii kupokea mkondo kupita kiasi, hivyo lazima iambatanishwe na rezista. Pili, hupitisha umeme upande mmoja tu. Balbu nyingi za amplifaya hulishwa na transfoma kwa umeme wa AC, yaani unaobadili mwelekeo kila mara. Kwenye AC, LED huwaka nusu ya muda na kumetameta mara 50 kwa sekunde, na volti za kinyume zinaweza kuiua: LED nyingi huvumilia takribani volti 5 za kinyume, ilhali AC ya volti 6.3 hupanda hadi karibu 8.9.

Dawa ni kuugeuza umeme uwe wa upande mmoja kwa daraja la dayodi nne pamoja na kapasita ya maikrofaradi 100 na volti 25. Dayodi zikishapunguza takribani volti 1.4, hubaki 7.5. Ukitoa 3 za LED, rezista inabaki na 4.5, ukigawanya kwa ampea 0.01 unapata omu 450. Thamani ya karibu inayouzwa ni 470, na robo wati inatosha. Pale balbu inapolishwa na betri ya volti 12, daraja halihitajiki, na rezista ya kilo-omu 1 inafaa hata betri inapochajiwa na kufika volti 14.4.

Mwanga nao una adabu yake. LED hurusha mwanga mbele kwa pembe nyembamba, hivyo hufanya doa jeupe katikati ya kioo. Kuisugua kichwa kwa msasa laini huutawanya. Nyeupe yenye umanjano hufanana na balbu ya zamani. Ile yenye ubuluu huharibu sura ya kioo cha rangi ya kaharabu.

Si kila balbu inafaa kubadilishwa. Katika baadhi ya redio za valvu, balbu ya kumulika kioo imeungwa mfululizo na vipasha joto vya valvu, na mkondo wao wote hupita ndani yake. LED hapo itaungua au redio haitawaka. Redio za aina hiyo huwa hazina transfoma ya kutenganisha, kwa hiyo chuma chake cha ndani kinaweza kuwa na stima ya volti 240. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu.

Kabla ya kugusa ndani ya chombo chochote, plagi hung'olewa ukutani na kapasita kubwa huachwa zimalize umeme wake, kisha hupimwa kwa mita. Volti na aina ya mkondo hupimwa kwenye soketi ya balbu kabla ya kununua chochote. Waya za asili hazikatwi: LED, daraja na rezista hulehemewa kwenye kitako cha balbu iliyokufa, ili siku moja mwenye chombo akipata balbu halisi aweze kuirudisha mahali pake.