Saa za Mwalimu Hazimo Kwenye Bajeti

Maktaba ya Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, ilijengwa mwaka 2012 kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake, BC Architects wa Ubelgiji, walitaka kujenga kwa vifaa vya hapohapo. Katika kutafuta wakakuta mashine mbili za kushindilia matofali ya udongo, nzima kabisa, zimefunikwa na vumbi la miaka 15. Zikarudishwa kazini. Matofali yasiyochomwa yakasimamisha kuta, na ndani yake ukafungwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge ambao watoto hujilaza juu yake wakisoma.

Jengo hilo limesifiwa sana, na linastahili. Mimi huwa nabaki na ile miaka 15. Mashine zilikuwepo na udongo ulikuwepo muda wote. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mbele ya mashine, mwenye kazi inayomdai azitumie na muda wa kuzizoea. Kila ninaposikia kwamba shule fulani ya Gitega au Muyinga imepokea kompyuta, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni nani atakayezizoea, na atazizoea saa ngapi.

Umeme ni kikwazo cha kweli, sipuuzi. Takriban Mrundi mmoja tu kati ya kumi anaupata. Lakini hapo angalau kuna mwendo unaopimika. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa mradi wa SOLEIL, ambao kwenye shabaha zake kuna kuzifikishia umeme wa jua shule 500 za vijijini. Mwaka 2021 kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, mkoani Gitega, kilianza kuzalisha megawati 7.5. Paneli ina bei, ina mkandarasi, ina tarehe ya kukabidhiwa. Kujifunza kwa mwalimu hakuna hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana huwekwa mwishoni mwa bajeti na kupewa siku mbili au tatu.

Tuangalie siku ya mwalimu huyo. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2005, watoto wamejaa madarasani, na shule nyingi zinasoma kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana, mara nyingi chini ya mwalimu yuleyule. Yakaja mageuzi ya 2013 yaliyoanzisha elimu ya msingi ya miaka tisa, Ecofo, pamoja na vitabu vipya. Lugha za kufundishwa ni nne: Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, na kuna waliotakiwa kufundisha lugha ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuisoma shuleni. Mtu aliyebeba yote hayo anaitwa mjini kwenye semina. Anaketi na wenzake wawili ubavuni mbele ya kompyuta moja, anatazama projekta, anasaini karatasi ya nauli, anarudi kilimani kwake. Wiki ya tatu anawasha mashine, inamwonyesha ujumbe asioujua, na mtu wa kumuuliza yuko mbali. Anaizima. Mkurugenzi wa shule, kwa kuogopa wizi na lawama, anafunga mlango wa chumba na kuweka ufunguo mfukoni. Simlaumu. Ameorodheshewa vifaa vya kulinda, na hakuna aliyemwambia kwamba kompyuta iliyochakaa kwa kutumiwa ni habari njema.

Wanaosema mwalimu wa kijijini anaogopa teknolojia hawajamtazama nje ya darasa. Huyo huyo anatuma ada ya mwanawe kwa simu, kwa Lumicash au Ecocash, anaikariri namba ya siri, anakagua ujumbe kabla ya kuondoka kwa wakala. Yumo kwenye kundi la WhatsApp la walimu, anapiga picha ukurasa wa kitabu na kumtumia mwenzake ambaye shule yake haina nakala. Hakuna semina iliyomfundisha. Alijifunza kwa kuwa jambo lenyewe lilimhusu, alilirudia kila juma, na kijana wa kwenye kibanda alimwelekeza bila kumcheka. La kutochekwa nalitilia mkazo. Mwalimu mwenye miaka 25 kazini akikosea kubofya mbele ya wanafunzi 80 anahisi anapoteza heshima iliyomchukua maisha kuijenga. Anahitaji mahali pa kukosea pasipo na hadhira.

Njia ya namna hiyo imewahi kupitishwa Burundi yenyewe. IFADEM, mpango wa mafunzo ya mbali kwa walimu ulioanzishwa na Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa pamoja na shirika la vyuo vikuu vyake, AUF, ulianzia katika nchi chache tu, na Burundi ilikuwa mojawapo, pamoja na Benin, Haiti na Madagascar. Mwalimu alibaki shuleni kwake. Alipewa vijitabu vya kujisomea, mlezi wa kumfuatilia, vikao vya kukutana na wenzake, na kituo chenye kompyuta cha kwenda kufanyia mazoezi, kwa miezi kadhaa. Lengo lilikuwa Kifaransa na namna ya kukifundisha. Kompyuta aliizoea njiani, akielekea kwingine. Naamini hiyo ndiyo sehemu ya kuigwa.

Kenya, kinyume chake, ilianza na wingi wa vifaa. Mpango wake wa mwaka 2016 ulipeleka vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi, na ulilazimika kwanza kuzivutia umeme. Kisha janga la korona la 2020 likafunga shule huko, na Uganda zikabaki zimefungwa karibu miaka miwili. Baadhi ya walimu wakajikuta wakifundisha kwa simu wapende wasipende. Burundi haikufunga. Watoto hawakupoteza mwaka, na hilo ni jema kubwa, ila lile shinikizo lililowasukuma walimu wa majirani halikufika Gitega.

Sasa limefika kwa mlango mwingine. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa ikawa mitano, na tarafa 119 zikawa 42. Muyinga si mkoa tena, imeingizwa katika Buhumuza. Tarafa zimepanuka, na katika nchi ambayo mafuta yamekuwa ya shida kwa miaka, kupeleka karatasi kwa pikipiki ni gharama. Idadi ya wanafunzi, alama na mahudhurio vitaombwa kwa simu, na vingi vinaombwa hivyo tayari. Anayevituma ni mwalimu, kwa simu aliyojinunulia, usiku akimaliza kusahihisha, na mega za kutumia ananunua kwa mshahara wake.