Mwalimu Mkuu, Dirisha Hilo Limepigiliwa Misumari

Redio ikitangaza ugonjwa mpya tu, simu yangu haipumziki. "Daktari, shuleni tunapulizia dawa lini?" Mimi si daktari, ni afisa afya, na swali hili nalijibu tangu Juni 2020, shule zetu zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa ajili ya korona. Leo naliandikia jibu. Atakayepiga tena nitamsomea.

Hupulizii.

Wakati ule nilifika shule moja ya msingi huku kusini mwa Tanzania. Mwalimu mkuu alikuwa amemkodi kijana mwenye bomba la mgongoni, lile la mikorosho, kwa hela ya michango ya wazazi. Jumamosi kijana alilowesha madawati, ubao, hadi kenchi. Kisha madirisha ya mbao yakapigiliwa misumari, "dawa isitoke". Jumatatu niliingia darasa la pili machozi yakanitoka. Watoto themanini na kitu, wamebanana wanne wanne kwenye dawati, wanakohoa klorini, na hakuna aliyethubutu kung'oa msumari wa mkuu.

Klorini inaua virusi, sibishi. Ila inaua kilichopo, haimsubiri anayekuja. Ilikauka Jumamosi ile ile, kazi ikaishia hapo. Jumatatu saa moja na nusu mtoto mgonjwa kaingia na pumzi zake. Halafu klorini ikikuta vumbi na tope, nguvu yake huishia kwenye huo uchafu kabla haijamfikia kirusi, na sakafu zetu mnazijua. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza hayo hayo, likaongeza kwamba kumpulizia mtu dawa hakufai kwa hali yoyote ile. Bado tukajengewa vibanda vya kuwanyunyizia watu kama ng'ombe wa josho! Aprili 2021 wataalamu wa serikali ya Marekani wakatoa makadirio: ukigusa mahali penye virusi vya korona, uwezekano wa kuambukizwa kwa kawaida haufiki mara moja katika 10,000. Korona ilikuwa kwenye hewa. Mwalimu wetu alilipa hela kuosha dawati, akaifungia hewa ndani.

"Mbona kwenye kipindupindu mnatumia klorini?" Kwa sababu kipindupindu hupita kwenye maji na kinyesi, na klorini tunaitia kwenye maji ya kunywa na chooni. Marburg, iliyotupiga Kagera Machi 2023, hupita kwenye damu na majimaji ya mgonjwa. Pale husafishwa alipolala na alipotapika, tena na watu waliofundishwa. Kila ugonjwa una njia yake. Mwalimu anayenipigia aanze kuniuliza njia, ndipo tuzungumze dawa. (Na tafadhali, jiki msiichanganye na asidi ya kusafishia choo. Moshi wake unaua.)

Sasa ya kufanya, haraka haraka. Ugonjwa wa hewa: madirisha na milango wazi siku nzima, mvua ikija funga upande inakopiga tu. Masomo ya kusoma kwa sauti na kuimba yapeleke chini ya mkorosho. Gawa zamu za asubuhi na mchana, na mapumziko usiyatoe kwa shule nzima kwa mpigo. Barakoa zivaliwe pia ofisini kwa walimu, mnakokaa mmefunga mlango mnakunywa chai. Vibuyu chirizi viwe karibu na vyoo, sabuni ifungwe kamba, na awepo mwanafunzi wa zamu wa kujaza maji. Mwenye homa arudi nyumbani na asiandikwe mtoro, la sivyo kesho atakuja nayo kaificha.

Shule zikifungwa je? Andika leo namba za wazazi, na nani hana redio nyumbani. Huyo mazoezi yake yafike kwa mkono, kupitia balozi wa nyumba kumi. Uganda shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na wapo watoto ambao hawakurudi tena. Siku ya kwanza ita majina kwa rejista ya zamani. Asiyeitika, nenda kwao. Binti aliyejifungua naye mrudishe, hapa kwetu ruhusa ipo tangu Novemba 2021.

Yule mwalimu mkuu nilimwomba nyundo. Misumari tuliing'oa pamoja, watoto wakihesabu kwa sauti, ikafika thelathini na mbili.