Vyungu vya Maua vya Rangi

Mji wa Kindu umekaa kando ya mto mkubwa wa Lualaba, katika jimbo la Maniema. Uko mbali na bahari, tena uko mbali na viwanda vya rangi. Meli zitokazo Kinshasa hupanda mto hadi Kisangani tu. Hapo maporomoko ya Boyoma huziba njia. Mizigo hushushwa, hupelekwa kwa nchi kavu hadi Ubundu, kisha hupakiwa katika chombo kingine kwenda Kindu. Kila mzigo unaposhushwa na kupakiwa, bei yake huzidi. Ndiyo maana watu wengi hawawezi kununua mkebe wa rangi kwa ajili ya maua tu.

Je, mtu asiye na fedha akae bila vyungu vya rangi mbele ya nyumba yake? La. Rangi nyingine imo chini ya miguu yake.

Rangi ya udongo

Tazama njia ya udongo mwekundu baada ya mvua. Wekundu ule watoka wapi? Watoka katika chuma. Udongo ule una chuma ndani yake, na chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Wekundu wa udongo na wekundu wa jembe la zamani lililoachwa nje ni ndugu.

Rangi iliyokamuliwa katika maua au majani huchujuka upesi juani. Rangi ya udongo haichujuki. Huko Kondoa, katika nchi ya Tanzania, watu wa kale walichora picha za watu na wanyama juu ya miamba. Picha nyingi ni nyekundu, na rangi yake ni udongo wa chuma. Baadhi zina umri wa miaka zaidi ya 2,000. Mwaka 2006 UNESCO iliandika mahali pale katika orodha ya urithi wa dunia. Basi udongo si rangi ya kudharauliwa.

Udongo mwekundu hutoa rangi nyekundu. Udongo wa manjano hutoa manjano. Udongo mweupe hutoa weupe, na makaa yaliyosagwa hutoa weusi. Hizo ni rangi nne, na hakuna hata moja inayouzwa dukani kwa bei kubwa.

Tundu kwanza, rangi baadaye

Chombo nacho si shida kupata. Kuna chungu kilichovunjika ukingo, ndoo iliyopasuka, sufuria iliyotoboka, mkebe wa maziwa ya unga, na bidoni ya mafuta iliyozeeka. Bidoni ya manjano haihitaji hata kupakwa rangi. Ikatwe juu tu, ioshwe vizuri, nayo yatosha.

Lakini watoto wengi hukosea hapa. Mtoto mmoja alichukua mkebe mzuri, akaupaka rangi siku nzima, akautia udongo, akapanda ua lake. Kila asubuhi alilinyweshea maji. Baada ya majuma mawili majani yakawa manjano, kisha ua likafa. Alipoling'oa aliona mizizi imeoza na inanuka. Mkebe haukuwa na tundu. Maji yalikaa chini, yakafukuza hewa yote katika udongo. Mizizi huhitaji hewa kama mtu anavyoihitaji. Ikikosa hewa huoza.

Kwa hiyo tundu ni kazi ya kwanza. Mkebe utobolewe chini matundu matatu au manne kwa msumari na nyundo. Kwanza ujazwe mchanga wenye maji, ili usibonyee. Ukingo wenye makali ugongwe mpaka ulale, usije ukakata mkono. Chungu cha udongo kilichochomwa hupasuka upesi kikigongwa; heri kumwomba mfinyanzi akitoboe kingali kibichi. Kisha kigae kimoja huwekwa juu ya tundu. Kigae huzuia udongo usitoke, lakini huacha maji yapite.

Jinsi ya kufanya rangi

Udongo mwekundu hutwangwa, hutiwa katika ndoo ya maji, hukorogwa sana. Mtu angoje kidogo. Mchanga ni mzito, hushuka upesi. Maji mekundu yaliyo juu humiminwa polepole katika chombo cha pili, na mchanga huachwa. Chombo cha pili hulazwa usiku kucha. Asubuhi maji safi humwagwa, na chini hubaki tope laini kama siagi. Tope hilo ndilo rangi.

Lakini tope tupu likikauka hupukutika. Lahitaji kitu cha kulishika. Unga wa muhogo upikwe kwa maji mengi, uwe uji mwepesi, kisha uchanganywe na tope. Uji huo ni gundi. Watu wengine hudhani mafuta ya mawese yatafaa zaidi. Hayafai. Mafuta ya mawese hayakauki, na chungu kitashika vumbi na kuchafua mikono siku zote.

Chokaa ikipatikana, ni bora kuliko uji. Inunuliwe ile ya unga, iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Chungu kiloweshwe kwanza, kisha kipakwe mara tatu, kila mara rangi nyepesi. Chokaa hunywa hewa na kugeuka polepole kuwa jiwe, nayo hushika rangi ya udongo ndani yake. Nyekundu itakuwa hafifu kidogo, lakini itadumu zaidi katika mvua. Tena chokaa huunguza macho na ngozi. Mtu mzima na aikoroge, na mtoto akae mbali.

Chungu hupakwa nje tu. Ndani kiachwe kama kilivyo, ili udongo wake uweze kutoa jasho.

Rangi hizi hushika mahali penye mikwaruzo, kama chungu au saruji. Juu ya mkebe laini hazishiki. Mkebe hupakwa mabaki ya rangi ya mafuta aliyobakiza fundi wa nyumba; vijiko vichache vyatosha mkebe mmoja. Asipopata mabaki, mtu autie mkebe ndani ya kikapu kilichosukwa kwa rangi mbili, nao utapendeza vile vile.

Mambo ya kuangalia

Mkebe uliokuwa na sumu ya wadudu usitumiwe kamwe, hasa kama ndani yake itapandwa pilipili, nyanya au lengalenga. Unga mweusi wa betri una sumu. Makaa ya jikoni yafaa zaidi. Rangi ya zamani inayobambuka mlangoni isikwaruzwe na watoto, kwa maana rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto.

Rangi ina kazi yake pia. Chungu cheusi hunywa joto la jua, na mizizi ndani yake huungua. Chungu cheupe hurudisha jua. Basi vyungu vyeupe viwekwe juani, vyekundu na vyeusi kivulini. Vile vilivyopakwa kwa uji wa muhogo vikae barazani, mahali mvua isipofika, na vipakwe upya kila mwaka katika miezi ya jua.

Mwisho, sahani iliyo chini ya chungu imwagwe maji angalau mara moja kila juma. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyosimama, na maji yakimwagwa mapema wadudu wale hufa kabla ya kuota mabawa.

Wazee husema: «Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.» Mkakasi ni kijisanduku cha mti kilichopambwa, kikilowa, uzuri wake umekwisha. Chungu cha maua hulowa kila siku. Kwa hiyo uzuri wake hauanzi katika rangi. Huanza katika tundu dogo lililo chini, mahali mgeni asipotazama. Chungu chenye tundu na kisicho na rangi kitakuwa na ua. Chungu chenye rangi na kisicho na tundu kitakuwa na kaburi la ua.

Maulizo

1. Kwa nini rangi ya dukani ni ghali katika Kindu?
2. Wekundu wa udongo watoka katika nini?
3. Ua la yule mtoto lilikufa kwa sababu gani?
4. Kwa nini mafuta ya mawese hayafai kuchanganywa na rangi?
5. Chungu cheusi kiwekwe wapi? Eleza sababu.

Kazi

Tafuta udongo wa rangi tatu karibu na shule. Safisha kila mmoja kwa maji kama ulivyosoma, kisha upake juu ya kigae. Weka vigae juani majuma mawili, uone kama rangi imebadilika.