Kufundisha Ukakamavu wa Vitu kwa Mfano wa Bunduki ya Kuvulia Samaki

Mwalimu anayepangiwa shule ya pwani hakosi kukutana na wanafunzi wanaozijua zana za uvuvi kuliko yeye. Watamtajia mshipi, dema, jarife na juya, na baadhi yao watamtajia bunduki, yaani kile chombo cha mbao chenye mipira na mshale wa chuma, ambacho mzamiaji hukitumia kumpiga samaki chini ya maji. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi chombo hicho kinavyoundwa kwa mbao na kutiwa nguvu kwa nyuzi za kaboni, kisha kuonyesha ni sehemu gani ya maarifa hayo inayofaa kuingia darasani. Chombo chenyewe kisiingie.

Tunasema hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, mpira uliovutwa humrusha mshale kwa nguvu za kumjeruhi vibaya au kumwua mtu, na hauchagui samaki na mtoto. Pili, ipo sheria. Nchini Kenya, tangazo la serikali la mwaka 2001 lilipiga marufuku uvuvi wa juya na wa bunduki. Mwalimu wa nchi nyingine na aulize katika ofisi ya uvuvi ya wilaya yake kabla ya kutamka neno. Hata hivyo, mwanafunzi ambaye nyumbani kwao wamekula kwa bunduki asifanywe mshtakiwa mbele ya wenzake. Mwalimu aieleze sheria kwa maneno machache, bila kuuliza ni baba wa nani anayo, kisha aendelee na somo.

Bunduki zinazoundwa na wavuvi wetu aghalabu ni za ubao mmoja, na mipira yake hukatwa kutoka katika tyubu za magari. Mahali kwingine, kama vile California na Florida huko Marekani, wako mafundi wanaomwundia kila mzamiaji bunduki yake kwa kipimo chake. Urefu wa mikono yake huamua ataweza kuivuta mipira hadi wapi, na upana wa kiganja chake huamua unene wa mshikio. Kazi ya mafundi hao ndiyo tutakayoieleza, kwa kuwa ndani yake mna fundisho la sayansi lililo wazi sana.

Mipira hufungwa mdomoni mwa bunduki, huvutwa nyuma, na kunaswa katika pengo la mshale, nao mshale hushikwa na kifyatulio kilicho karibu na mshikio. Basi mdomo na kifyatulio vyavutwa vikutane, na mti ulio kati yake wabanwa. Lakini mipira haipiti katikati ya mti. Hupita juu yake. Kwa hiyo mti haubanwi tu, bali hupinda pia, ncha zake zikinyanyuka kidogo kama upinde uliotiwa kamba. Mshale ukiachiliwa, mti hujinyosha ghafula wakati mshale bado unapita katika mfuo wake, na shabaha huharibika. Tatizo zima la fundi ni hili: kuupata mti usiopinda, nao usiwe mzito kiasi cha kuzama.

Njia ya kwanza ni kuongeza kina cha mti. Hapa wanafunzi hushangaa, nasi twaona yafaa mwalimu awaache washangae kwa muda kabla ya kueleza. Chukua ubao mwembamba, uulaze juu ya matofali mawili, utundike jiwe katikati. Tuseme unashuka milimita 16. Weka ubao wa pili ulio sawa nao juu yake bila gundi, na jiwe lile lile: zitashuka milimita 8. Sasa zigandishe mbao hizo mbili, ungoje zikauke, upime tena. Kwa hesabu zapaswa kushuka milimita 2 tu, maana kina kikizidishwa mara mbili, ukakamavu huzidi mara nane. Darasani hawatapata nane kamili, kwa kuwa mbao hazilingani na vipimo vya mkono havikosi kasoro, lakini tofauti itaonekana kwa macho. Sababu yake mwalimu ataionyesha kwa daftari: likikunjwa, kurasa zake huteleza moja juu ya nyingine, likibanwa pembeni kwa nguvu, halikunjiki kwa urahisi. Kazi ya gundi ni kuzizuia mbao zisiteleze.

Ndiyo maana fundi haundi mti wake kwa gogo moja. Huchukua mbao za msaji zilizokaushwa vyema, akazipasua vipande virefu, kisha akazipanga upya huku akigeuza kila kipande cha pili, ili ubao mmoja ukitaka kupinda kushoto, jirani yake utake kupinda kulia. Msaji una mafuta ya asili, nayo huikataa gundi. Kwa hiyo nyuso hukwaruzwa kwa msasa na kufutwa kwa asetoni muda mfupi kabla ya kugandishwa. Gundi itumikayo ni epoksi, ambayo ni vimiminika viwili vinavyochanganywa kwa kipimo. Ikichanganywa nyingi katika kikombe kimoja hupata moto yenyewe, hata ikafuka moshi. Mbao hubanwa kwa majiliwa mengi, kwa nguvu iliyo sawa lakini si kali mno, maana gundi yote ikikamuliwa kiungo hubaki kikavu.

Kati ya mbao hizo ndipo nyuzi za kaboni zinapoingia. Thomas Edison aliwahi kuchoma uzi wa pamba ukawa kaboni na kuutia katika taa yake ya umeme mwaka 1879, lakini uzi ule ulikuwa dhaifu. Mwaka 1958 Roger Bacon, akifanya kazi Parma katika jimbo la Ohio, alionyesha kwamba kaboni huweza kuwa uzi wenye nguvu za ajabu. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki zinazopashwa moto kwanza katika hewa, kisha kuchomwa pasipo hewa kwa joto linalozidi nyuzijoto 1,000 za Selsiasi. Uzi mmoja una kipenyo cha kati ya milimita 0.005 na 0.010. Zikilazwa upande mmoja na kugandishwa kwa epoksi, ukakamavu wake huwa kama mara kumi ya ule wa msaji.

Fundi asiyeelewa angezitia popote. Fundi anayeelewa huzitia karibu na uso wa juu na uso wa chini, kwa sababu kitu kinapopinda, upande mmoja hubanwa na mwingine huvutwa, na katikati karibu hapana kinachotendeka. Kaboni iliyowekwa katikati ni fedha iliyotupwa.

Tena ina madhara yake. Vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, huwa kama betri, na chuma ndicho kinacholika. Hivyo mafundi huweka tabaka la epoksi tupu kati ya kaboni na kifyatulio. Kisha ni nzito kuliko maji. Mti wa msaji wa sentimita 110 kwa 5 kwa 5 una ujazo wa sentimita 2,750, na uzito wa gramu 1,790 hivi, ilhali maji ya bahari yanayosukumwa nao yana uzito wa gramu 2,820. Mshale wa chuma wenye kipenyo cha milimita 8 na urefu wa sentimita 150 una uzito wa gramu 590. Wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe tarakimu hizi, waseme kama vyote viwili vitaelea, na nini kitabadilika iwapo sentimita 100 za ujazo wa msaji zitatolewa na kutiwa kaboni, ambayo sentimita yake moja ni gramu 1.6.

Kwa jaribio la mahali pa kuzitia nyuzi, kaboni haihitajiki, katani yatosha. Kata vipande vinne vya boksi nene vyenye urefu na upana sawa. Jozi ya kwanza igandishwe kwa uji mzito wa muhogo, nyuzi za katani zikiwa katikati. Jozi ya pili igandishwe nyuzi zikiwa nje, juu na chini, kwa idadi ile ile. Nyuzi zivutwe zinyoke kabla ya kubandikwa, na vyote vikaushwe kivulini chini ya mawe, vinginevyo jua litavikunja. Siku ya pili kila kundi litundike kopo kwenye kipande chake na kuongeza mchanga kijiko kwa kijiko, likiandika kila mara kipande kimeshuka milimita ngapi. Mwalimu asiwaambie mapema ni kipi kitakachoshinda.